Mnaowaita Showaddywaddy "Makopi", Mmemkamata Asiye Mwizi

Haya wadau, leo nina povu, na sabuni nimekuja nayo mwenyewe.

Kuna mchambuzi mmoja wa muziki huko mitandaoni, jina kapuni, ana wafuasi wa kumwaga. Kazi yake ni moja tu: kugawa nyimbo mafungu mawili. Fungu la "orijino" analipigia magoti. Fungu la "kopi" analitupa jalalani. Alipomaliza kuwachana wasanii wa hapa nyumbani akavuka bahari, akaenda kuwachokonoa wazee wa watu wa Leicester, Uingereza, kundi la Showaddywaddy, na singo yao ya 1976, "Under the Moon of Love". Hukumu yake ni kwamba wale hawakuwa wanamuziki, walivaa tu nguo za kaka zao na kuimba nyimbo za kaka zao. Nyuma yake likaja jeshi la vijana kupiga makofi, na naweka dau nusu yao wimbo wenyewe hawajausikiliza.

Mimi nasema hivi: mmemkamata mtu asiye na kosa, na mwizi mmemwachia njia. Twende taratibu.

KWANZA, MNAWAJUA MNAOWATUKANA?

Showaddywaddy walianza 1973 baada ya bendi mbili za Leicester kuungana. Ndiyo maana walikuwa wanane jukwaani: waimbaji wawili, wapiga gitaa wawili, wapiga besi wawili, wapiga dramu wawili. Kila kitu mara mbili, hakuna aliyeachwa nyumbani. Walipitia shindano la vipaji la televisheni lililoitwa New Faces, na mwaka 1974 singo yao ya kwanza, "Hey Rock and Roll", ikapanda mpaka namba 2 kwenye chati za Uingereza. Wimbo huo waliutunga wao wenyewe. Kwa hiyo ile hoja ya kwamba walirudia nyimbo za watu kwa sababu hawakujua kutunga, ifie hapo hapo na azikwe nayo aliyeileta.

Mavazi yao ndiyo yanayowachekesha wengi. Makoti marefu ya rangi kali, kila mmoja na rangi yake, na viatu vya soli nene. Hiyo ilikuwa staili ya Teddy Boys, vijana wa mitaa ya kawaida ya Uingereza miaka ya 50 waliojipigilia kama matajiri wa enzi za nyuma huku mfukoni hawana kitu. Ukiniuliza mimi, kijana asiye na hela anayevaa kama bosi ni mtu tunayemjua vizuri sana mitaani kwetu, na hatumcheki.

Sasa singo yenyewe. "Under the Moon of Love" iliandikwa na Tommy Boyce na Curtis Lee. Lee ndiye aliyeirekodi mwaka 1961, prodyuza akiwa Phil Spector, kijana mdogo wakati huo. Marekani iliishia namba 46, ikapotea zake. Miaka 15 baadaye wale wanane wa Leicester wakaingia studio na prodyuza Mike Hurst, wakaifufua, na Desemba 1976 ikakaa namba 1 Uingereza wiki tatu. Ndiyo namba 1 pekee waliyowahi kuipata.

Hebu tafuta zote mbili uzisikilize moja baada ya nyingine. Ya 1961 ni tamu, inachezacheza, kama kijana anayetongoza kwa aibu. Ya 1976 inaingia kwa kishindo, ina mguu mzito, na sauti ya Dave Bartram inakwenda mbele kama mtu aliyeshaamua kwamba leo haondoki bila jibu. Maneno ni yale yale na melodia ni ile ile, lakini hao ni watu wawili tofauti wanaozungumza na msichana. Ukishindwa kusikia tofauti hiyo, tatizo si kopi, tatizo ni masikio.

PILI, HESABU ZENU ZA "UASI" HAZIJUMLISHI

Tarehe 1 Desemba 1976 kundi la Sex Pistols lilikaa kwenye kipindi cha televisheni London na kuporomosha matusi hewani. Kesho yake magazeti yakawaka moto. Vitabu vya historia ya muziki vinapenda sana siku hiyo, vinaihesabu kama siku ambayo panki ilibisha hodi kwenye kila nyumba ya Mwingereza. Kilele cha chati wiki hiyo hiyo kilikuwa cha nani? Showaddywaddy, na wimbo wa 1961.

Wachambuzi wanapenda kuzipanga picha hizo mbili pembeni kwa pembeni ili utoe jibu wanalolitaka wao: hawa ni kesho, hawa ni jana, hawa waasi, hawa wahenga. Inapendeza kuangalia, ila haisemi ukweli.

Malcolm McLaren, meneja wa Sex Pistols, mwaka 1971 alifungua duka barabara ya King's Road, London, pamoja na Vivienne Westwood. Duka liliitwa Let It Rock, na walichouza pale kilikuwa nguo za Teddy Boys. Nguo hizo hizo mnazowacheka nazo Showaddywaddy! Panki ilizaliwa kwenye ghala la rokenroli ya zamani. Duka lilibadilisha kibao na bidhaa, lakini mlango ulikuwa ule ule.

Haitoshi? Mwaka 1979 singo mbili zilitoka kwa jina la Sex Pistols, "Something Else" na "C'mon Everybody", Sid Vicious akiimba. Zote mbili ni nyimbo za Eddie Cochran, Mmarekani wa rokenroli aliyefariki 1960 akiwa na miaka 21 baada ya ajali ya gari akiwa ziarani Uingereza. Zote mbili zilifika namba 3. Na Showaddywaddy? Mwaka 1975 walirudia "Three Steps to Heaven", ya Eddie Cochran huyo huyo, ikafika namba 2.

Kwa hiyo niambieni. Marehemu ni mmoja, kabati lililofunguliwa ni moja. Kundi moja likitoa wimbo mle linaitwa mapinduzi, lingine likitoa linaitwa kopi. Tofauti ni nini hasa? Pini kwenye shati? Au ni kwamba mmoja alikunja sura na mwingine akatabasamu? Mimi naona ni hilo la pili. Wachambuzi wengi wanaheshimu mtu aliyenuna. Mwanamuziki akionekana anafurahi, wanamhesabu kuwa hana akili.

Na msidhani watu waliounga mkono muziki huo walikuwa wazee waliokosa usingizi. Mei 1976 mashabiki wa rokenroli waliandamana London mpaka kwenye jengo la BBC kudai redio ipige muziki wao. Watu walitembea kwa miguu barabarani kwa ajili ya muziki ambao wakubwa wa redio walishauona umekwisha. Kama huo si uasi, basi mnaniuzia neno lisilo na maana.

TATU, WIZI UPO, ILA HAUKO HAPO MNAPOPIGA MAWE

Sasa msije mkasema natetea kila anayerudia wimbo wa mtu. Sitetei. Rokenroli yenyewe imejaa madeni ambayo hayajalipwa, na tuyaseme.

Little Richard alitoa "Tutti Frutti" mwaka 1955. Haikuchukua muda Pat Boone, mwimbaji mzungu msafi msafi, akairudia, na toleo lake likalipita la mwenyewe kwenye chati za pop. Kwa nini? Kwa sababu vituo vingi vya redio Marekani ya wakati ule vilikuwa tayari kumpiga mzungu anayeimba wimbo wa Mweusi kuliko kumpiga Mweusi mwenyewe. Mwenye wimbo yupo hai, yuko sokoni na singo yake bado ya moto, halafu mtu anapitishwa mlango ambao yeye amefungiwa.

Arthur Crudup naye alirekodi "That's All Right" mwaka 1946. Mwaka 1954 Elvis Presley akaianzia safari yake kwa wimbo huo huo. Elvis akawa Elvis. Crudup akahangaika miaka na miaka kudai malipo ya kazi yake, na akafariki 1974 bado anadai.

Hayo ndiyo mambo ya kutokwa povu. Sasa linganisheni na 1976. Curtis Lee hakuwa sokoni akihangaika na singo ya "Under the Moon of Love". Alikuwa ameshaachana na muziki kitambo, amerudi kwao Yuma, Arizona, anafanya kazi za ujenzi na baba yake. Hakuna mlango aliofungiwa ili Showaddywaddy wapite. Kinyume chake, wimbo uliolala namba 46 kwao Marekani ulikwenda kuwa namba 1 nchi nyingine, na jina lake na la Boyce likiwa pale kama watunzi. Kwa mtunzi, hiyo ni hela inayokuja bila kushika gitaa tena. Wangapi hapa kwetu wasingetaka "kuibiwa" namna hiyo?

Kwa hiyo swali la "orijino au kopi" ni swali la kitoto. Maswali ya watu wazima ni matatu: nani ametajwa, nani amelipwa, na nani amefungiwa mlango.

NNE, HAPA NDIPO PALIPOOZA

Na nikiyauliza maswali hayo matatu kwa haki, kuna watu hata Showaddywaddy hawakuwafikishia kitu. Sifichi.

Mwaka ule ule wa 1961 Curtis Lee alikuwa na wimbo mkubwa zaidi, "Pretty Little Angel Eyes", uliofika namba 7 Marekani. Watunzi ni wale wale na prodyuza ni Spector yule yule. Nyuma ya Lee waliimba vijana Weusi wa kundi la The Halos. Usikilize wimbo ule ukiondoa sauti zao kichwani uone unabaki na nini. Unabaki na kijana mmoja anayeimba peke yake kwenye chumba kitupu. Ladha yote imo kwenye zile sauti zinazopanda na kushuka nyuma yake. Mwaka 1978 Showaddywaddy wakaurudia, ukafika namba 5 Uingereza. Watunzi wakalipwa. The Halos, sheria haikuwa na habari nao.

Kwa nini? Sheria zetu za Kiswahili zina maneno mazuri sana ya kueleza hili: hakimiliki na hakishiriki. Hakimiliki ni ya aliyetunga maneno na melodia. Ukirudia wimbo wake hata baada ya miaka 20, yeye anakula. Hakishiriki inawahusu walioimba na kupiga vyombo, na waliogharamia rekodi, na inashika rekodi ile waliyoifanya wao tu. Mtu akiingia studio akaimba upya, hata akifuata kila pumzi uliyoivuta, wewe mwimbaji wa nyuma huna unachodai. Yule aliyebuni sauti inayofanya mwili usisimke anahesabika sawa na fundi aliyebeba spika.

Huo ndio uozo. Si wa wale wanane wa Leicester, hawakuandika wao sheria. Ni wa biashara nzima. Na mchambuzi wetu, jina kapuni, hajawahi kulizungumzia hata siku moja, kwa sababu ukisema "kopi" unapata makofi, ukisema "hakishiriki" watu wanapitiliza.

TANO, MTAZAMENI MPIGA DRAMU

Hoja nyingine niliyoiona ni kwamba Showaddywaddy ni wazungu waliovaa muziki wa watu Weusi kama vazi la sherehe. Hoja nzito, naiheshimu. Ila aliyeisema hakutazama picha mpaka mwisho. Mmoja wa wapiga dramu wawili anaitwa Romeo Challenger. Mweusi, mzaliwa wa Antigua, kisiwa cha Karibi, aliyekulia Uingereza.

Kumbukeni Teddy Boys walikuwa nani kwa watu wa Karibi. Agosti na Septemba 1958, kule Notting Hill, London, makundi ya vijana wa kizungu, Teddy Boys wakiwemo, yaliwashambulia wahamiaji wa kutoka visiwa hivyo majumbani na barabarani. Koti lile refu kwa familia nyingi za Weusi lilikuwa ishara ya kukimbia na kufunga mlango. Miaka 18 baadaye, mtoto wa Antigua amelivaa koti lile lile, yuko kwenye televisheni ya taifa, bendi yake ni namba 1, anapiga mdundo ambao asili yake ni ya Weusi wa Marekani.

Mnaweza kuona amelisafisha koti, au mkaona amelikubali haraka mno, tubishane hapo. Lakini kumfuta kwenye picha ili hoja yako ya "wazungu wanaoiga" isimame, hapo ndugu yangu umemfanyia yeye kile kile unachowalaumu wengine. Umechukua kazi ya Mweusi ukaitoa jina.

SITA, TURUDI NYUMBANI

Najua wengine mnajiuliza haya ya Leicester yanatuhusu nini. Yanatuhusu kabisa, kwa sababu mchambuzi wetu ana wenzake hapa, na lugha yao ndiyo inayowalinda wezi wetu.

Wapo wasanii, majina kapuni, wanaochukua kiitikio cha zilipendwa, wanakipandisha kasi, wanakiwekea mdundo wa kisasa, halafu kwenye jina la mtunzi wanajiandika wao. Wimbo unatoka kama "mpya". Mashabiki wenye miaka 20 hawakuusikia wa kwanza, wanaupokea kama orijino. Mzee aliyeutunga yuko kwenye kiti cha plastiki barazani, anausikia unapita kwenye bodaboda, na hana hata nauli ya kwenda kulalamika. Halafu msanii mwingine akisema waziwazi kwamba anarudia wimbo wa mzee fulani, akamtaja, ndiye anayechambwa kwamba kaishiwa.

Mnaona kilichotokea? Aliyetaja anatukanwa na aliyeficha anapewa tuzo. Tumewafundisha wasanii wetu kwamba heshima ni hasara.

Na tusijidanganye kwamba kuficha hakuna madhara. "Malaika" ni wimbo wetu uliozunguka dunia nzima kuliko karibu wote. Umeimbwa na Miriam Makeba, umeimbwa na Boney M. Na mpaka leo watu wanabishana nani aliutunga, Fadhili William na Adam Salim wakiwa mstari wa mbele kati ya wanaotajwa. Wimbo umetajirisha wenye lebo ng'ambo, sisi tumebaki na ubishi. Hivyo ndivyo inavyokuwa jina likikosa kuandikwa sawasawa mapema.

Sheria tunayo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA ipo. Lakini sheria haiwezi kusimama yenyewe kama sisi mashabiki tunashangilia mtu anayefuta jina la mzee na kumzomea anayeliandika.

KWA HIYO?

Wewe unayeniambia Showaddywaddy walikuwa bendi ya harusi, sawa, huenda hupendi. Ladha haina hakimu. Usiupende wimbo kwa sababu unakuboa, kwa sababu makoti yanakuumiza macho, kwa sababu wewe ni mtu wa singeli na huwezi kungoja sekunde 10. Hizo sababu zote nazipokea. Lakini usiniambie ni takataka kwa kuwa waliimba wimbo wa mtu mwingine. Walimtaja na watunzi wakalipwa. Wimbo uliokuwa umekufa ukachezwa na watu waliokuwa watoto wadogo ulipotoka mara ya kwanza. Kwenye biashara hii, huo ni uungwana ambao wengi wa "orijino" wenu hawajaufikia.

Na wewe mchambuzi, jina bado kapuni, nakupa kazi ya nyumbani. Kabla hujaandika neno "kopi" tena, fungua ukurasa wa wimbo, soma majina ya watunzi. Ukikuta jina la mwenye wimbo, tulia. Ukikosa, hapo ndipo uandike, na uandike kwa herufi kubwa, hata kama aliyeficha ni rafiki yako, hata kama ndiye anayekulipia matangazo. Tutakuona basi kama una ubavu, au ubavu wako ni wa kuwapiga wazee wa Leicester wasiojua hata upo.

Wadau, uwanja ni wenu. Nitajieni hapo chini wimbo mmoja wa zamani uliorudiwa na mtunzi wake akatajwa kwa heshima. Na kama unaujua uliorudiwa mtunzi akafichwa, usimtaje mwizi, tutaitwa polisi bure. Mtaje mtunzi. Jina lake tu linatosha.